Kati ya jicho na usukani: jinsi manowari ya Fitzgerald ilivyogongwa

Kila habari ya USS Fitzgerald, meli ya kivita ya Marekani iliyogongana na meli ya makontena karibu na Japani mwaka 2017, inapoibuka upya mitandaoni, chini yake hujaa dhihaka ileile. Manowari yenye rada za kufuatilia makombora angani ilishindwaje kuiona meli ya makontena yenye urefu wa mita 222, iliyowasha taa zake, ikija kutoka upande wa kulia katika usiku wa hali nzuri ya hewa? Wapo wanaokwenda mbali zaidi wakasema mitambo ilidukuliwa, au kwamba meli ile ya mizigo ilitumwa.

Meli ya mizigo ilionekana. Afisa kijana aliiona kwa macho yake dakika 10 kabla ya kishindo, akatambua kwamba njia zao zinakatana, na dakika mbili baadaye akashauri mwendo upunguzwe. Ushauri haukufuatwa. Kwa hiyo swali la "walishindwaje kuona" ndilo linalowapoteza watu wengi. La kuuliza ni nini kilitokea katikati ya jicho na usukani.

Tuanze na vyombo vyenyewe. Fitzgerald ni manowari ya Marekani ya tabaka la Arleigh Burke, urefu wake mita 154, yenye mabaharia wapatao 300. Makao yake wakati huo yalikuwa Yokosuka, Japani, chini ya Kikosi cha Saba cha wanamaji wa Marekani. Iling'oa nanga tarehe 16 Juni 2017, mchana kutwa wafanyakazi wake wakashinda kwenye mazoezi na shughuli za helikopta, kisha jua lilipozama ikashika njia ya kusini kuelekea bahari kuu. Nyingine ni ACX Crystal, meli ya makontena yenye bendera ya Ufilipino, wafanyakazi 20, wote Wafilipino, ikitoka Nagoya kwenda Tokyo. Hii haikuwa na haraka ya ajabu wala siri yoyote. Ilikuwa inafanya kazi inayofanywa kila usiku na meli nyingi katika bahari ile, kupeleka makasha kutoka bandari moja hadi nyingine.

Bahari ya kusini mwa Rasi ya Izu ni kama barabara ya kuingilia mjini saa za jioni. Kila kinachoingia na kutoka Ghuba ya Tokyo kinapita karibu na hapo. Saa 7:30 usiku kwa saa za Japani, tarehe 17 Juni, takribani maili 56 za baharini kusini-magharibi mwa Yokosuka, omo la Crystal, yaani sehemu yake ya mbele, lilizama kwenye ubavu wa kulia wa Fitzgerald. Mabaharia saba wa Marekani walikufa. Kwenye Crystal hakuna aliyeumia.

Nyekundu kuliani kwako

Ili kuelewa nani alitakiwa kufanya nini, lazima tupitie sheria kidogo. Sheria yenyewe si ngumu. Ni rahisi kuliko za barabarani.

Vyombo vyote baharini, kuanzia jahazi hadi meli ya kubeba ndege za kivita, vinafuata Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972. Manowari haina msamaha. Meli mbili zenye injini zikikutana uso kwa uso, kila moja inageuka kulia, kwa hiyo msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa aliyezoea kushika kushoto asahau ya nyumbani: baharini ni kama Bujumbura au Bukavu. Zikikatana kwa pembe, ile inayoiona mwenzake upande wake wa kulia ndiyo yenye wajibu wa kupisha.

Kuna njia nzuri ya kukumbuka usiku. Kila meli ina taa nyekundu upande wa kushoto na ya kijani upande wa kulia. Meli ikija kutoka kuliani kwako ikielekea kukata mbele yako, utakachoona ni ubavu wake wa kushoto, yaani taa nyekundu. Nyekundu maana yake ile unayoijua. Yeye, kwa upande wake, anaiona kijani yako.

Usiku ule Fitzgerald ilikuwa inaelekea karibu kusini kabisa kwa mwendo wa noti 20, sawa na kilomita 37 kwa saa. Crystal ilikuwa inatoka magharibi ikielekea mashariki kwa noti 18.5. Mwenye kuelekea kusini, magharibi iko kuliani kwake. Fitzgerald ndiyo iliyotakiwa kupisha, mapema na kwa hatua kubwa, ili mwenzake aione nia yake bila kubahatisha. Hapa hakuna ubishi wa kisheria. Wachunguzi wote waliafikiana.

Lakini watu wengi husimama hapo, na sheria haisimami hapo. Baharini hakuna "haki ya njia" kama madereva wanavyoielewa. Meli isiyo na wajibu wa kupisha ina wajibu wake pia: ishikilie njia na mwendo wake ili mwenzake ajue anachokikwepa. Ikianza kuwa dhahiri kwamba mwenzake hapishi, inaruhusiwa kujinusuru. Ikifika mahali ambapo kupisha kwa yule mmoja peke yake hakutoshi tena, hairuhusiwi tena kungoja: inalazimika kuchukua hatua. Ikiwa na shaka, ipige honi fupi tano au zaidi mfululizo, ishara ambayo kwa lugha yetu ingekuwa "We! Unafanya nini?" Honi hiyo haikupigwa na meli yoyote kati ya zile mbili. Redio ya kuzungumza meli kwa meli, iliyokuwa mkononi mwa pande zote, haikutumika.

Pembe isiyobadilika

Kabla hatujaingia kwenye chumba cha usukani, kuna kitu kimoja cha kitaalamu ambacho baharia yeyote wa dau anakijua hata kama hajawahi kukisoma. Ukitazama chombo kingine sambamba na nguzo ya chombo chako, na baada ya dakika chache bado kiko palepale kwenye nguzo ileile, ila kimekuwa kikubwa, basi mnaelekea kukutana. Kikisogea mbele ya nguzo, kitapita mbele yako. Kikibaki nyuma, kitapita nyuma. Kisiposogea popote, hesabu ni moja tu.

Ubaya wa hesabu hii ni kwamba kitu kisichosogea hakimshtui mtu. Jicho la binadamu linavutwa na kinachocheza. Taa iliyotulia mahali pamoja gizani inaonekana kama haina neno, kumbe ndiyo yenye neno.

Na muda unakwenda haraka kuliko inavyodhaniwa. Kwa mwendo wa meli zile mbili na pembe waliyokuwa wakikutania, umbali kati yao ulikuwa unapungua kwa karibu kilomita moja kila dakika. Meli inayoonekana kwa mbali kama taa ya kibanda, baada ya dakika 10 iko juu yako.

Dakika ishirini

Karibu saa tano usiku nahodha wa Fitzgerald na msaidizi wake mkuu waliondoka chumba cha usukani, wakaiacha meli mikononi mwa afisa wa zamu. Si jambo la ajabu. Nahodha naye hulala. Lakini nahodha alikuwa ameacha amri za kudumu zilizoandikwa: meli yoyote ikija karibu kuliko umbali fulani, niamsheni. Saa 7:08 usiku Fitzgerald ilikata mbele ya meli moja kwa umbali wa mita 600 hivi. Kwa amri zile, simu ilipaswa kulia chumbani kwa nahodha. Haikulia.

Dakika mbili baadaye zilikuwapo meli tatu upande wa kulia, zote zikielekea mashariki: Crystal, Wan Hai 266 na Maersk Evora. Kila moja ilikuwa na hatari ya kugongana na Fitzgerald. Waliokuwa kwenye rada walijaribu kuifuatilia Crystal wakashindwa kuishika. Baadaye kidogo afisa wa zamu alipata mchoro wa meli aliyodhani ni hiyo, akakadiria kwamba itapita umbali wa mita 1,400 hivi. Namba hiyo ikamkaa kichwani.

Saa 7:20 afisa msaidizi wake akaiona Crystal kwa macho na kusema njia yake itakata ya kwetu. Afisa wa zamu aliendelea kuamini itapita kwa umbali ule aliokwisha kuuhesabu. Saa 7:22 msaidizi akashauri wapunguze mwendo. Jibu alilopewa lilikuwa kwamba kupunguza mwendo kutatatiza zaidi picha ya meli zilizowazunguka.

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi, na kila mara naliona la kibinadamu sana. Mtu ana meli tatu kichwani, amejenga picha, na picha ile imemgharimu jasho. Anayekuja na ushauri wa kupunguza mwendo ni kama anayekuja kuivunja picha. Ndiyo maana sheria za bahari hazitegemei picha ya mtu mmoja: zinadai macho, masikio, rada na kila njia iliyopo zitumike kwa pamoja.

Njia hizo zilikuwapo usiku ule. Kulikuwa na mlinzi wa kutazama nje, lakini upande wa kushoto tu. Kulia, zilikokuwa meli tatu, hakukuwa na mtu. Ndani ya tumbo la meli kuna chumba kisicho na dirisha, chumba cha mapambano, chenye skrini za rada na watu waliofunzwa kuzisoma. Kazi yao mojawapo ni kukiambia chumba cha usukani kilicho juu: kuna meli inakuja, njia hii, mwendo huu. Hawakusema kitu, na walio juu hawakuwauliza. Rada zenyewe hazikuwa zimerekebishwa ipasavyo kwa mazingira yale. Rada si kioo cha ramli. Inahitaji kukazwa na kulegezwa kulingana na mawimbi, mvua na umbali, na mtu asiyejua kuirekebisha huona ukungu wa vitone asivyoweza kuvitofautisha.

Saa 7:25 Crystal na Wan Hai zilikuwa zinakaribia kwa kasi, Crystal ikiwa maili tatu hivi za baharini. Saa 7:27 afisa wa zamu akaamuru meli igeuke kulia, apite nyuma ya Crystal. Hatua sahihi, ingawa imechelewa. Kabla dakika haijaisha akaifuta amri hiyo, akaamuru kinyume chake: ongeza mwendo hadi mwisho, geuza kushoto kwa nguvu zote. Alitaka kuwahi kupita mbele.

Aliyeshika usukani akaganda. Amri haikutekelezwa. Serahangi wa zamu, yaani msimamizi wa mabaharia, akamsukuma pembeni, akaushika usukani mwenyewe na kuutekeleza. Ilikuwa saa 7:29. Hakuna king'ora kilichopigwa kuwaamsha waliolala.

Ngamani

Wahenga wa pwani walisema enda tezi na omo, marejeo ngamani. Mabaharia 35 wa Fitzgerald walikuwa wamerejea ngamani kwao: chumba cha kulala kilicho chini ya usawa wa maji, vitanda vya chuma vya ghorofa tatu tatu, upande wa kulia wa meli.

Meli za mizigo za siku hizi zina pua nene iliyotokeza mbele chini ya maji. Imewekwa ili kupunguza wimbi linaloizuia meli na hivyo kuokoa mafuta. Mtu aliye juu haioni. Katika kugongana kwa ubavu inakuwa kama kichwa cha nyundo, kwa sababu inafika mahali ambapo omo la juu halifiki. Omo la juu la Crystal lilipasua chumba cha nahodha aliyekuwa amelala, likamwacha amening'inia kwenye kingo za chuma zilizochanika, mpaka mabaharia walipoubomoa mlango kwa nyundo na uzito wa mazoezi wakamvuta ndani. Pua ya chini ilitoboa shimo la mita nne kwa tano hivi, na maji yakamiminikia moja kwa moja kwenye chumba kile cha watu 35.

Kilijaa kwa muda wa dakika moja au chini yake. Wengine waliamshwa na kishindo, wengine na wenzao waliowavuta vitandani, wengine na maji yenyewe. Giza, magodoro yanaelea, makabati yameng'oka ukutani, baiskeli ya mazoezi imeziba njia. Watu walijipanga kwenye ngazi ya kushoto. Wawili walibaki chini ya ngazi wakiwasukuma wenzao juu hadi maji yalipowafika shingoni, ndipo wakapanda. Walitoka 27 kwa ngazi ile. Wa 28 alikuwa bafuni upande wa kulia. Alipapasa chini ya maji hadi akaibukia kwenye tundu la dharura la chumba cha juu yake. Saba hawakutoka. Mdogo wao alikuwa na umri wa miaka 19, mkubwa 37. Miili yao ilipatikana baada ya meli kuvutwa na kujikongoja hadi Yokosuka jioni ya siku hiyo.

Kwamba meli haikuzama ni sifa ya mabaharia waliobaki. Walipambana na maji usiku kucha, umeme na mawasiliano vikiwa vimekatika sehemu kubwa ya meli. Watu walewale ambao saa chache kabla mfumo wao wa zamu ulishindwa kabisa walifanya kazi ya uokoaji iliyosifiwa na kila aliyeichunguza.

Ile meli nyingine

Kilichowasha moto wa uvumi ni mchoro wa safari ya Crystal. Kwenye ramani za intaneti zinazoonyesha meli, ilionekana imepinda ghafla, ikarudi kwenye njia yake, ikaendelea mashariki kwa nusu saa hivi, kisha ikageuka kurudi nyuma. Taarifa yake kwa walinzi wa pwani wa Japani ilifika karibu saa moja baada ya ajali, kiasi kwamba mwanzoni ilidhaniwa ajali ilitokea saa 8:20. Watu wakasema: si umeona? Ilikuwa inaitafuta manowari.

Ufafanuzi uliotolewa na wachambuzi ni wa kawaida mno hadi unakera. Huenda Crystal ilikuwa inajiendesha kwa mtambo uliowekewa uelekeo. Kishindo kikaisukuma nje ya njia, mtambo ukaona umepotea na kuirudisha kwenye mstari, kama ulivyotengenezwa. Meli kubwa yenye makontena haigeuzwi kwa kukata kona. Wafanyakazi walipokwisha kujikusanya na kujua wamegonga nini, ndipo waliporudi.

Hilo haliwafanyi malaika. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2020, ilisema chanzo ni chumba cha usukani cha Fitzgerald kushindwa kuchukua hatua ya mapema na kubwa kama meli yenye wajibu wa kupisha. Ilitaja kama chanzo kingine afisa wa zamu wa Crystal kuchelewa kuigundua manowari, na kutofanya vya kutosha alipoanza kuingiwa na shaka. Na ilitaja uongozi wa jeshi la wanamaji lenyewe: ratiba, mafunzo na uchovu.

Hapa pana jambo la kumtetea Mfilipino wa zamu. Meli za biashara hurusha mawimbi ya utambulisho yanayoitwa AIS: jina, mwendo, uelekeo, kila sekunde chache, yakaonekana kwenye skrini ya kila jirani. Manowari hazilazimishwi na sheria hiyo, na Fitzgerald ilikuwa haijitangazi. Zaidi ya hapo, manowari za aina hii zimeundwa zionekane ndogo kwenye rada, na taa zake za mlingotini, kwa ruhusa maalumu ya sheria, zimepangwa karibu karibu kuliko za meli za mizigo, kwa hiyo anayezitazama usiku anaweza kudhani ni chombo kidogo au asijue kinaelekea wapi. Chombo kilichotengenezwa kwa ustadi ili adui asikione, kinapita katikati ya msongamano wa watu wasio adui.

Waliolala kidogo mno

Miezi miwili tu baadaye, tarehe 21 Agosti 2017, ndugu wa Fitzgerald, USS John S. McCain, aligongana na meli ya mafuta Alnic MC karibu na mlango wa bahari wa Singapore. Walikufa mabaharia 10, safari hii pia wakiwa kwenye vyumba vya kulala.

Huko shida ilikuwa nyingine kabisa kwa sura. McCain ilikuwa imewekewa skrini za kugusa badala ya vishikio. Saa 11 alfajiri kamanda aliona mshika usukani anahangaika kushika njia na mwendo kwa wakati mmoja, akaamuru mwendo ukabidhiwe mtu wa pili aliyekaa jirani yake. Katika kubofya, usukani nao ukahama kwenda kwa huyo wa pili bila yeyote kujua. Wa kwanza akatangaza usukani umekufa. Haukuwa umekufa; ulikuwa mita moja kutoka kwake. Walipojaribu kupunguza mwendo, injini ya kushoto ikapungua peke yake kwa sababu vidhibiti viwili havikuwa vimeunganishwa, na meli ikavutwa kushoto, mbele ya Alnic. Ndani ya dakika tatu kila kitu kilikuwa kimekwisha. Baadaye jeshi liliamua kuondoa skrini hizo kwenye udhibiti wa mwendo na kurudisha vishikio vya mkono, kwa sababu mabaharia wenyewe waliomba hivyo.

Meli mbili, makosa mawili tofauti, kikosi kimoja. Mwaka huohuo, mwezi Januari, USS Antietam ilikuwa imepanda mwamba Ghuba ya Tokyo, na Mei USS Lake Champlain ikagongana na mashua ya uvuvi ya Korea Kusini. Ajali nne kwa miezi nane. Hapo ndipo macho yalipoinuka kutoka kwa afisa mmoja wa zamu kwenda kwa waliompeleka kazini.

Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani ilikuta kwamba hadi Juni 2017, asilimia 37 ya vyeti vya utayari vya wafanyakazi wa manowari zenye makao Japani vilikuwa vimekwisha muda. Meli zilizowekwa Japani zilikuwa na kazi nyingi, Korea Kaskazini upande mmoja na Bahari ya China Kusini upande mwingine, kiasi kwamba muda wa mafunzo na matengenezo ulikuwa unaliwa na safari. Jeshi lenyewe lilikuwa limekwisha kupima mwaka 2014 na kuona kwamba baharia melini anafanya kazi wastani wa saa 108 kwa wiki, huku mpango ukisema 80. Gawanya mwenyewe uone zimebaki saa ngapi za kulala, kula na kuoga.

Kuhusu mafunzo, kulikuwa na uamuzi wa mwaka 2003 ambao hadi leo maafisa wa zamani huuzungumzia kwa uchungu. Afisa mpya wa meli, aliyekuwa akipelekwa darasani miezi kadhaa kabla ya kupangiwa chombo, alianza kupewa diski za kompyuta na kupelekwa melini moja kwa moja, ajisomee akipata nafasi. Fedha ziliokolewa. Darasa lilirudishwa baadaye, likiwa fupi zaidi. Waliojifunza kwa diski wakawa ndio wanaowafunza wengine.

Nani alijibu

Kamanda wa Kikosi cha Saba, Joseph Aucoin, aliondolewa Agosti 2017, siku mbili baada ya ajali ya McCain. Nahodha wa Fitzgerald na maafisa wengine walishtakiwa, mwanzoni hata kwa mauaji ya uzembe. Afisa wa zamu alikiri kosa la kutotimiza wajibu mwaka 2018, akakatwa nusu ya mshahara kwa miezi mitatu na kupewa barua ya karipio. Mashtaka ya jinai dhidi ya nahodha yalifutwa mwaka 2019, ikabaki barua ya lawama. Jamaa za marehemu waliifungulia kesi mahakamani Marekani kampuni ya Kijapani iliyokuwa imekodi Crystal, na kesi hiyo ikakwama kwenye swali la kama mahakama za Marekani zina mamlaka juu ya kampuni ya kigeni kwa ajali iliyotokea upande mwingine wa dunia.

Wapo wanaosema adhabu zilikuwa ndogo. Naona hoja yao. Lakini mfano wa Norway hunifanya nisite kuamini kwamba adhabu peke yake ingetibu kitu. Tarehe 8 Novemba 2018 manowari ya Norway, Helge Ingstad, iligongana na meli ya mafuta Sola TS karibu na gati la Sture. Nchi tofauti, jeshi dogo lenye sifa nzuri. AIS haikuwa inatangaza. Sola ilikuwa imewasha taa za sitaha, manowari ikadhani zile ni taa za gati, kitu kilichosimama. Na pale walizungumza! Meli ya mafuta iliwaita redioni, ikawaomba wageuke, manowari ikajibu kwamba haiwezi kugeuka kabla haijakipita kile walichodhani kimesimama. Kila mmoja alikuwa anazungumzia bahari iliyoko kichwani mwake. Mabaharia wote 137 waliokolewa. Manowari yenyewe ilizama.

Fitzgerald ilibebwa juu ya meli nyingine hadi Pascagoula, Mississippi, ikatengenezwa kwa gharama iliyozidi dola milioni 300, na mwaka 2020 ikarudi kazini, makao yake mapya yakiwa San Diego. Baada ya ajali za 2017 manowari za Marekani ziliagizwa kuwasha AIS zinapopita kwenye msongamano. Kwa hiyo siku hizi, ukifungua ramani ya meli kwenye simu na kuangalia mlango wa Singapore au maji ya Izu, kati ya vipembetatu vya meli za mizigo na za mafuta utaona mara mojamoja kimoja kisicho na jina wala bandari kiendako, kimeandikwa tu kwamba ni chombo cha serikali ya Marekani, pamoja na mwendo wake na upande kinakoelekea.